Jinsi ya kuchagua deli la barafu la kubebea samaki

Swali hili halikauki: "Nataka kuanza kuchukua samaki mwaloni, ninunue deli gani?" Deli ni lile sanduku la kutunza baridi, na mwaloni ni pale mitumbwi inaposhushia samaki. Anauliza kijana wa Buhongwa aliyepata mtaji mdogo, anauliza mama ntilie aliyechoka kununua sato kwa bei ya mchuuzi, anauliza mtu wa Shinyanga aliyesikia bei ya sangara pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wengi hawasubiri jibu. Wanaingia dukani, wanaona deli la bluu lenye magurudumu, wanalipa. Wiki ya pili wanaanza kumlaumu muuza barafu.

Basi nalijibu hapa mara moja, hatua kwa hatua. Shika jambo moja kabla ya yote: deli linanunuliwa kwa ajili ya barafu. Barafu ikikaa, samaki atakaa. Barafu ikiisha njiani, hata deli liwe zuri namna gani, umebeba samaki kwenye sanduku la joto. Magurudumu, rangi na mshikio vije baadaye.

Mwongozo huu ni wa mchuuzi na msafirishaji mdogo, mwenye mzigo wa kilo 10 hadi 70 hivi. Mwenye gari lenye mashine ya baridi ana hesabu zake nyingine.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kuwa na majibu na vitu hivi:

- Kilo za samaki utakazobeba kwa safari moja. Kilo za kweli za mtaji wako wa sasa, siyo zile unazoziota.
- Muda wote, kuanzia samaki anapotolewa mtumbwini hadi wa mwisho anapouzwa. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mtu anasema "Ukerewe hadi Mwanza ni saa tatu tu kwa meli," anasahau saa alizongoja pale bandari ya Nansio na mchana mzima wa kuuza.
- Chombo kitakachokubeba: bodaboda, guta, meli au basi. Deli lisilopanda kwenye chombo chako halina maana.
- Futi ya kupimia, vipande viwili vitatu vya karatasi, chupa ya lita moja na tochi ya simu.
- Leseni na vibali. Muone afisa uvuvi wa eneo lako na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo husika kabla ya kununua chochote. Mzigo ukishikwa njiani barafu haisubiri kesi iishe.

HATUA KWA HATUA

1. Piga hesabu ya lita.

Kwa joto letu, ambalo mchana hufika nyuzi 28 na kidogo, kipimo cha kuanzia ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu iliyovunjwa inachukua nafasi kubwa, karibu lita mbili kwa kilo. Ukijumlisha na samaki mwenyewe unapata kanuni rahisi: zidisha kilo za samaki mara tatu, hizo ndizo lita za deli. Kilo 20 za samaki zinataka deli la lita 60. Kama safari haizidi nusu siku na unauza hapohapo, unaweza kutumia nusu ya barafu, na mara mbili itakutosha.

Deli lisiloandikwa lita, pima kwa ndani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Friji bovu linalotumiwa kama deli (hatua ya 2), lenye nafasi ya sentimita 120 kwa 45 kwa 40 lina lita 216. Hilo ni la samaki kilo 72. Sasa jumlisha: samaki kilo 72, barafu kilo 72, na uzito wa friji lenyewe. Huo ni mzigo wa guta na wanaume wanne, wala usimfikirie bodaboda.

Kosa la kawaida: kununua deli kubwa "ili nikue nalo". Deli la lita 100 lenye kilo 10 za samaki linabaki na hewa tupu, na kila ukifungua hewa ile ya baridi inatoka, ya joto inaingia. Barafu yako inafanya kazi ya kupooza upepo.

2. Chagua aina.

Mitaani utakutana na aina tatu.

La kwanza ni boksi jeupe la povu gumu, lile povu linalokuja limezunguka televisheni mpya. Ni jepesi, bei yake ni ndogo, na kwa kutunza baridi si baya hata kidogo. Ubaya wake ni uhai mfupi. Sato ana miiba mikali kwenye pezi la mgongoni. Ukimsukumia ukutani anatoboa, maji ya damu yanaingia kwenye povu, na harufu ile haitoki tena hata uoshe kwa nini. Ukilitumia, tandika ndani turubai safi au mfuko mzito wa nailoni, na lifunge kwa kamba pande zote.

La pili ni deli la plastiki lenye kuta mbili na povu katikati. Kwa anayeanza, hili ndilo ninalolipendekeza, ila yapo mazuri na yapo makopo. Hatua ya 3 hadi ya 5 zitakusaidia kuyatofautisha.

La tatu ni friji au friza bovu lililolazwa chali, mlango ukawa mfuniko. Wengi wanaliona kama kitu cha watu wasio na uwezo. Mimi naliheshimu. Kuta za friza nyingi ni nene kuliko za madeli mengi ya dukani, na mlango una mpira wa kubana. Linafaa kukaa mahali pamoja: kwenye kibanda, au mwaloni likingoja mzigo. Mwite fundi atoe mashine na mabomba kabla, maana gesi iliyobaki ndani si ya kuchezea kwa nyundo. Kagua pia plastiki ya ndani. Ikiwa imepasuka, maji yameshaingia ukutani na povu limelowa, na povu lililolowa halizuii joto. Liinue upande mmoja usikilize: likiwa zito kupita kiasi au maji yanacheza ndani ya ukuta, liache. Na likae na kufuli. Friji lililolazwa chini ni mtego kwa watoto wanaocheza kujificha.

3. Pima unene, gonga mfuniko.

Fungua, weka futi kwenye ukingo wa juu. Ukuta wa sentimita 5 ni mzuri sana. Wa sentimita 2 au 3 ni wa soda za pikiniki Jumapili. Muuzaji atakwambia "hili ni original." Sawa, tuone unene.

Halafu gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha gonga mfuniko. Ukuta wenye povu unatoa sauti nzito, fupi. Mfuniko wa madeli mengi ya bei rahisi unatoa sauti ya ndoo tupu, kwa sababu ni mtupu kweli: wameweka povu ukutani, juu wakaacha hewa. Ukilipenda deli hilo kwa mambo mengine, si lazima uliache. Kata kipande cha povu gumu cha unene wa sentimita 3 kinachoingia sawasawa ndani, kifunge kwa nailoni, kiwe kinalala juu ya barafu chini ya mfuniko. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

4. Jaribu mfuniko kwa karatasi.

Weka kipande cha karatasi ukingoni, funga mfuniko, vuta. Ikigoma au ikachanika, mfuniko unabana. Ikiteleza ikatoka bila kukuuliza, hapo joto lina mlango. Rudia pande zote nne na pembeni mwa bawaba, kwa sababu bawaba ndizo zinazolegea kwanza. Usiku unaweza kuingiza tochi ya simu ikiwa inawaka, ukafunga na kuzima taa: pale unapoona mwanga ndipo baridi inapotorokea.

5. Angalia tundu la maji.

Liwe chini kabisa, karibu na sakafu ya deli, na kizibo chake kiwe cha kukaza kwa uzi kama wa skrubu au cha mpira mzito. Tundu lililo sentimita 3 juu ya sakafu linaacha dimbwi ambalo samaki wa chini watalala humo hadi mwisho wa safari. Mimina maji lita mbili hapo dukani, ziba, liinue, litikise, uone kama linavuja. Muuzaji asiyekubali maji yaingie kwenye deli lake anajua kitu usichokijua.

Mishikio nayo ijaribu ikiwa na uzito. Iliyoshikwa kwa skrubu mbili ndogo itakuachia mkono siku umebeba kilo 45.

6. Lijaribu kwa barafu usiku mmoja.

Jaribio hili ndilo linalomaliza ubishi, na kwa deli lililotumika muombe mwenyewe akuachie usiku mmoja. Tia kilo 10 za barafu bila samaki, funga, liweke kivulini. Baada ya saa 12 fungua kizibo na upime maji kwa chupa ya lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja ya barafu iliyokufa.

Kwa deli la lita 60 hivi, likitoa lita 2 hadi 3, umepata deli. Likitoa 5 au zaidi, nusu ya barafu yako imekwenda bila kumgusa samaki. Hilo ni la kuuzia mtaani, safari usilipeleke.

Namba hiyo iandike ubavuni mwa deli kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu ndiyo itakayokufanyia hesabu. Mfano: una kilo 20 za sangara wa joto la nyuzi 25. Kuwashusha tu hadi sifuri kunakula barafu kilo 5 na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya robo ya uzito wa samaki. Deli lako linapoteza kilo 2 na nusu kila saa 12, na safari pamoja na mauzo ni saa 24. Hapo ni kilo 5 nyingine. Jumla kilo 10 na nusu. Ukiwa umebeba 20, unafika na akiba, hata basi likiharibika Maswa. Ukiwa umebeba 10 "kwa kubana matumizi", unafika na maji.

7. Nunua barafu kabla ya samaki.

Nenda na deli lako alfajiri, nunua barafu kwanza. Deli lililoshinda juani lina joto ndani ya kuta, hivyo litilie barafu kidogo, lifunge nusu saa, kisha mwaga maji yake. Ukifanya kinyume, samaki yuko kwenye beseni juani wakati wewe unazunguka kutafuta barafu, na saa ile ya kwanza ndiyo inayoharibu zaidi.

Pande kubwa la barafu linakaa muda mrefu, lakini linagusa samaki sehemu chache. Barafu iliyovunjwa inamzunguka na kumpoza haraka. Kwa hiyo nunua pande, livunje mwenyewe: tia kwenye kiroba safi, funga mdomo, piga kwa mgongo wa shoka au gogo mpaka vipande viwe vya ukubwa wa punje za karanga na vidogo zaidi. Vipande vyenye ncha vinamchubua samaki na kumwachia mashimo mgongoni. Mteja wa Nyegezi anayaona kabla yako.

Uliza maji yametoka wapi. Barafu ya maji ya ziwa yasiyotibiwa inapooza samaki huku ikimpaka uchafu. Na usinyunyize chumvi kwenye barafu "ili iwe kali". Chumvi inashusha baridi chini ya sifuri, ndiyo, lakini kwa kuyeyusha barafu upesi, na samaki wa pembeni anagandishwa nusu huku wa katikati akibaki vilevile.

8. Chagua na panga samaki.

Deli haliponyi samaki aliyekwisha kulegea. Chukua mwenye jicho lililotuna, mashavu (matamvua) mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Beba futi yako ileile: sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue 25. Chini ya hapo unabeba kesi.

Sangara mtoe matumbo na mashavu, muoshe damu yote. Bondo, yaani kile kibofu chake cha hewa, usilitupe wala usilichanganye na mzigo, lina mnunuzi wake na bei yake. Kisha:

- Chini kabisa weka chaga ya plastiki ili samaki wasilale kwenye maji. Ya mbao inanyonya damu na kunuka.
- Juu ya chaga, barafu ya unene wa sentimita 5.
- Safu moja ya samaki, walionyooka, tumbo likitazama chini ili maji yasituame ndani. Aliyetolewa matumbo, mjaze barafu kiganja kimoja tumboni.
- Barafu, samaki, barafu. Kuta nne nazo ziwe na barafu, kwa sababu joto linaingia kwa huko.
- Funga kwa barafu nene juu, kisha kile kipande cha povu, kisha mfuniko.

Kosa la kawaida: kumimina samaki wote, kisha barafu yote juu. Ukitia mkono katikati ya mzigo kama huo saa mbili baadaye, unakuta uvuguvugu. Kosa la pili: kumkunja sangara mrefu ili aingie. Akikakamaa katika mkunjo huo, ukimnyoosha nyama inapasuka. Kama haingii, mkate vipande au mwache mwenzako mwenye deli refu amchukue.

Dagaa wabichi sikuwaweka kwenye mwongozo huu kwa makusudi. Ni laini, wanapondana kwa uzito wao wenyewe. Wanataka kreti za kina kifupi na safu nyembamba.

9. Njiani.

Kwenye basi, kizibo kifungwe. Maji ya samaki yakifika kwenye begi la abiria mwingine utashushwa wewe na deli lako. Chaga ndiyo inayokulinda hapo. Kila gari likisimama vya kutosha, shuka, mwaga maji mahali panapofaa, funga tena. Muombe konda asikuwekee kwenye buti la nyuma karibu na injini. Ongea naye vizuri mapema, "kaka, hili lina barafu, naomba buti la katikati," kabla stendi haijachangamka.

Kwenye mtumbwi na meli adui ni jua. Gunia lililoloweshwa juu ya deli linasaidia, kivuli kinasaidia zaidi. Wa Sengerema wamepumzika kidogo: tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ile barafu iliyokuwa inayeyukia kwenye foleni ya kivuko inafika sokoni.

Usifungue njiani kuangalia tu. Kama unauza mtaani, kuwa na madeli mawili: kubwa la akiba linalofunguliwa mara chache, na dogo la kuuzia unalolijaza kidogo kidogo.

10. Osha siku hiyohiyo.

Maji, sabuni, brashi kwenye pembe na tundu la maji, kisha maji yenye klorini kidogo, suuza. Liache wazi likauke kabisa. Deli lililofungwa likiwa bichi linanuka kesho yake. Dumu la mafuta ya taa au petroli lisikae karibu nalo hata kwa saa moja, plastiki inashika harufu. Na deli la samaki libaki la samaki. Usije ukalitia juisi ya sherehe.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Barafu inaisha kabla ya kufika. Rudia jaribio la karatasi, halafu la usiku mmoja. Kama zamani lilitoa lita 3 na sasa linatoa 5, mpira umechoka au ukuta umelowa. Mpira unabadilishwa. Ukuta uliolowa hauna dawa, ligeuze liwe la kuhifadhia vyombo.

Barafu ipo, samaki wa katikati wamelegea. Umepanga safu nene mno, au samaki waliingia wakiwa na joto. Kwa mzigo wa mchana, wazamishe kwanza kwenye beseni la maji safi yaliyojaa barafu mpaka wapoe, ndipo uwapange.

Samaki wa chini wamepauka na wamelainika. Wamelala majini. Chaga imezama au tundu limeziba kwa magamba. Pitisha waya.

Deli linanuka hata baada ya kuoshwa. Fungua kizibo na bawaba, chungulia kwa tochi. Mara nyingi magamba yamekwama kwenye uzi wa kizibo au chini ya mpira wa mfuniko. Kama harufu inatoka kwenye ufa wa plastiki ya ndani, damu imeingia ukutani. Kuziba ufa kwa gundi kunazuia mpya isiingie, iliyopo itabaki.

Mfuniko haubani upande mmoja. Kamba ya mpira wa baiskeli ikizungushwa deli zima inabana kuliko bawaba mpya, na inapatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli.

Mzigo haukuisha, jioni imefika. Mwaga maji, ongeza barafu mpya juu na pembeni, usiwapange upya samaki. Sangara aliyewekewa barafu mapema na kuongezewa kila siku anakaa zaidi ya wiki mbili bila kuharibika, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuuza kwa hasara usiku. Mkaushe kwa moshi au mkaange pale tu barafu inapokosekana kabisa mjini, na uamue mapema, angali mzima.